Shangazi Anaondoka, Watu wa Daraja Wanabaki

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Makumbusho ya Historia ya Mji wetu yatamuaga mwongozaji wake mkongwe, aliyetumikia miaka ishirini na sita, minne ya kwanza akiwa wa kujitolea bila hata nauli. Wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu: Shangazi. Hakuna anayekumbuka nani alimpa jina hilo. Lilikuja lenyewe, kwa sababu ukikosea anakusema mbele ya watu, ukiugua anakuwa wa kwanza kubisha hodi, na ukioa bila kumwambia ananuna mpaka umletee bibi harusi amkague.

Nimeketi naye kwenye dawati la mapokezi miaka mingi. Kamati iliponiomba niandike wasifu wake nilifurahi, nikadhani nitaandika vichekesho mwanzo hadi mwisho. Yeye akanipa sharti. "Andika utakavyo, mwanangu," alisema, "lakini habari ya picha usiiruke. Ukiiruka, hiyo sherehe yenu mtakula keki wenyewe." Anayemjua Shangazi anajua kwamba hatanii.

Alikuja mara ya kwanza na ndoo na kitambaa chake mwenyewe. Wakati huo jengo hili, lililokuwa stoo ya posta, lilivuja kila pembe, na vitu vya kuonyesha vilikuwa vichache: ngoma, majembe, taipureta, kiti cha hakimu na picha za ukutani. Alikuwa ametoka kumzika baba yake, aliyemuuguza mwenyewe nyumbani. Alisema nyumba imekuwa kimya mno, anatafuta mahali pa kufuta vumbi. Mkurugenzi wa siku hizo alimpa wiki moja achoke. Aliyechoka ni mkurugenzi, Shangazi alibaki.

Mambo yake ni mengi. Kuna mgeni mmoja mheshimiwa aliyeona kiti cha hakimu, akavutiwa, akakaa, na mguu wa kiti ukakatika puu! Wasaidizi wake wakaduwaa wasijue kucheka au kulia. Shangazi akamwinua, akamkung'uta suti, akasema, "Hongera, mheshimiwa. Sasa na wewe umeingia kwenye historia." Mtoto mmoja alipouliza kama taipureta ni kompyuta iliyokufa, alimjibu kwamba haijafa, imestaafu tu. Ni yeye pia aliyeanzisha Jumamosi za Wazee, ambapo wazee wa mji huja kunywa chai na kusimulia waliyoyaona. Alikuwa na kipaji cha kumfungua mtu kinywa. Vitu vingi mnavyoviona leo kwenye makabati vilitoka mikononi mwa wazee hao, kwa sababu yeye aliuliza.

Sasa nifike kwenye picha.

Iko chumba cha pili, mkono wa kulia ukiingia. Wanaume saba wamesimama mbele ya daraja la mawe la mji wetu likiwa bado halijakamilika. Vifua vyao viko wazi, wengine wamebeba mawe kichwani, mmoja ameshika nyundo. Pembeni, amevaa kofia na viatu, amesimama mnyapara wao, msimamizi wa vibarua, kiboko kikining'inia mkononi. Kibao kilichokuwa chini yake kilisema: "Vibarua wa lazima wasiojulikana, pamoja na mnyapara wao." Watoto wa shule wakifika hapo walikuwa wakimzomea mnyapara. Shangazi aliwaacha wazomee, kisha akawaambia, "Haya, twendeni kwenye ngoma." Hakukawia hapo hata siku moja. Sisi tulidhani hapendi mambo ya huzuni.

Miaka sita iliyopita, Jumamosi moja asubuhi, alikuja mzee mmoja fundi muashi, amevaa shati lake zuri lakini saruji bado imo kwenye kucha. Hakutazama ngoma wala majembe. Alikwenda moja kwa moja chumba cha pili, akasimama mbele ya picha ile muda mrefu. Shangazi akamfuata kumkaribisha. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia yote.

"Mama, hawa hawana majina?"

"Hawajulikani, mzee wangu."

"Mmoja wao ni baba yangu. Ila simjui ni yupi, maana aliondoka nikiwa tumboni." Akausogelea ukuta. "Mama yangu tumemzika mwezi uliopita. Amekufa akiamini kwamba baba alitoroka kazini, akaenda kuoa mbali. Ndivyo mnyapara alivyokuja kumwambia. Sasa nasikia huyo mnyapara ana binti, na binti mwenyewe anafanya kazi humu humu. Wamfahamu?"

Shangazi alimtazama mnyapara, kisha akamtazama yule mzee.

"Hapana," alisema. "Simfahamu."

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mama. Mungu akuzidishie kwa kunisikiliza." Akaondoka polepole, na pale mlangoni akanishukuru na mimi. Nilipogeuka, nilimwona Shangazi anaufuta mkono ule kwenye gauni lake, anaufuta na kuufuta, kama mtu aliyeungua.

Mchana nilimkuta stoo, amekaa juu ya sanduku, kichwa chini. Nikadhani presha imempanda. Akaniambia, "Yule kwenye picha ni baba yangu mzazi."

Alinisimulia bila kuniangalia usoni. Katika miaka yake ya mwisho, akili ya baba yake ilirudi darajani. Kila asubuhi mzee alitoka uani na fimbo yake, akasimama wima, akaita majina ya vibarua wake saba. Asipoitikiwa hali chakula. Kwa hiyo binti yake, mwiko wa kupikia mkononi, alisimama jikoni na kuitikia: "Nipo! Nipo!" Lakini kulikuwa na jina moja ambalo hakuruhusiwa kuliitikia. Mzee aliita, "Mashoto!" kisha akangoja, akangoja, akajijibu mwenyewe, "Hayupo," na machozi yakamtoka.

Siku moja akili ilipomtulia kidogo alimweleza binti yake kwa nini. Kibarua huyo, aliyeitwa Mashoto kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, alishushwa mtoni kwa kamba iliyochakaa. Mnyapara aliiona kamba, akajua imechoka, akamwambia ashuke hivyo hivyo, maana wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Mto ukamchukua. Kwa kuogopa kupoteza kazi, mnyapara alisema mtu wake ametoroka. Akaenda mpaka nyumbani kwa Mashoto, akamwambia hivyo mke wake mjamzito.

"Nimeitikia majina ya watu wale kila kulipokucha," Shangazi aliniambia, "halafu nimekuja hapa nikasimama chini ya kibao kinachosema hawajulikani. Mama wa yule mzee alikuwa hai muda wote huo. Ningesema siku yoyote angesikia. Siku yoyote!"

Nami ningemlaumu kwa haki gani? Kile kibao tulikiandika sisi. Hatukwenda kuuliza nyumba hata moja. Tuliandika "wasiojulikana" tulipopaswa kuandika "hatukuuliza", kisha tukakipiga kibao msumari, tukaenda kunywa chai.

Jioni ile alikwenda kwa kaka yake mkubwa, fundi saa, kumwambia kwamba anataka kusema. Kaka hakuinua hata macho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza.

"Baba amelala," alisema. "Unataka kumwamsha ili achapwe? Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Wewe ndiye mwosha. Nyamaza."

"Mficha uchi hazai, kaka."

"Basi zaa peke yako. Na ukizaa, usiniletee kulea."

Tangu siku hiyo kaka yake hajakanyaga kwake. Nasikitika kusema kwamba hata Ijumaa hatutarajii kumwona.

Shangazi alizunguka kila penye ujenzi akimtafuta yule mzee, nami nikafuatana naye. Tulimkuta kwenye ukuta wa shule, anapanga tofali, na mwiko wa saruji ameushika kwa mkono wa kushoto. Shangazi alipouona mkono ule alisimama ghafla. Kisha akasogea.

"Mzee, siku ile nilikudanganya. Binti wa mnyapara ni mimi."

Mwiko ukabaki hewani. "Nami nikakushukuru," mzee alisema. "Nikakushika kwa mikono miwili."

"Ndiyo."

"Nenda zako, mama. Saruji yangu inakauka." Akampa mgongo.

Shangazi hakwenda. Hakupiga magoti wala hakulia. Alisimama wima pale kwenye mchanga, akaanza kuita majina kwa sauti ya juu, kwa mfuatano ule ule wa baba yake, mafundi wote wakageuka kumshangaa. Alipofika kwa Mashoto aliita, akangoja. Yule mzee akageuka.

"Hilo jina umelitoa wapi? Mama alilisema ndani tu."

Akamwambia yote: kamba, mto, wakubwa waliokuwa wanakuja, na uongo uliopelekwa nyumbani kwao. Hakupunguza kitu ili baba yake aonekane afadhali.

"Hakutoroka?" mzee aliuliza.

"Hakutoroka."

"Hakuwa na mke mwingine?"

"Hakuwa na mwingine. Alikufa kazini, na aliyemtuma ni baba yangu."

Mzee akaketi juu ya rundo la tofali. Aliutazama mkono wake wa kushoto. "Mama alikuwa akinichapa mkono huu," alisema. "Nikila nao, ananichapa. Nikiandika nao, ananichapa. Eti nisije nikawa mtoro kama yule." Akalia pale pale, mbele ya vijana wake wa kazi, bila kujificha. Baadaye akasema, "Sijui kama nitakusamehe."

"Sikudai, mzee wangu."

Kibao kipya mmekiona. Majina yote saba yapo. Mwanamume mwenye nyundo katika mkono wa kushoto ametajwa kwamba alifia darajani, na kwamba mkewe aliambiwa uongo. Jina la mnyapara lipo pia, na chini yake maneno ambayo Shangazi aliyaandika mwenyewe na kukataa yabadilishwe: "Baba wa mwongozaji wa makumbusho haya." Mkurugenzi alimsihi ayaondoe. Shangazi akamjibu kwamba maneno hayo yakiondolewa, na yeye ataondoka nayo. Baada ya hapo jamaa za vibarua wengine wanne walijitokeza, na Jumamosi za Wazee zikajaa mpaka tukaazima viti.

Siku ya kuzindua kibao mzee muashi alikuja, akasimama mbali naye, hakumpa mkono. Amekuwa akija tangu hapo na wajukuu zake, anamsalimia, basi. Mwaka jana ngazi zetu za mbele zilipopasuka, alikuja kuzijenga. Alifanya kazi siku mbili pasipo kumwambia neno. Siku ya tatu alimwona amesimama juu, anasita kushuka, akamwambia, "Pita tu, Shangazi, imekauka." Tulikuwa hatujawahi kumsikia akimwita hivyo. Shangazi alishuka ngazi zile, akaenda nyuma ya jengo, na hakurudi kazini mpaka alasiri.

Wiki iliyopita aliongoza kundi lake la mwisho, watoto wa darasa la nne. Siku hizi hawakimbizi kwenda kwenye ngoma. Anasimama mbele ya picha, anawaambia yule mwenye kofia ni nani kwake, na alifanya nini, na yeye mwenyewe alinyamaza miaka mingapi. Kwa kawaida watoto hukaa kimya. Safari hii msichana mmoja alinyoosha kidole.

"Bibi, wewe baba yako bado unampenda?"

Mwalimu akataka kumkemea. Shangazi akamzuia kwa mkono, akafikiri.

"Nampenda sana, mjukuu wangu," alisema. "Nisingempenda, nisingeona aibu."

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa mshahara na wa kujitolea, tunakushukuru kwa vumbi ulilofuta na kwa lile ulilotutoa machoni. Nenda ukapumzike. Kuanzia Jumatatu, mlango wa chumba cha pili tutaufungua sisi, na majina yale tutayaita kwa sauti, hata la baba yako. Uishi vyema, mama yetu, na usingizi wako uwe mtamu.