Kura Iliyosema Asante

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Lipo nje ya duka la vifaa vya ujenzi, hapo ninapouza kahawa tangu mtoto wangu wa mwisho aache kunyonya. Asubuhi hiyo matokeo ya udiwani yalikuwa yamebandikwa siku moja tu kwenye geti la shule, na wateja wangu watatu wa kudumu walikuwa wameshafika: Wakala, aliyekaa ndani ya kituo siku ya uchaguzi akilinda kura za chama, Asilimia, mlinzi wa duka, asiyefungua mdomo bila kutaja namba, na Fundi Redio, anayezisikiliza redio za watu kuliko anavyozitengeneza. Diwani wetu, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa ameshindwa kwa kura moja. Na kura moja ilikuwa imeharibika. Aliyeiharibu ni mimi, nami nilikuwa nimeinama napuliza mkaa.

— Nimeiona kwa macho yangu haya, alisema Wakala. Tiki safi, ndani ya kisanduku cha mama yetu. Halafu pembeni mtu kaandika: "Asante."

— Asante tu?

— Asante, na nukta. Msimamizi akasema karatasi ya kura si barua. Ukiandika neno umejitambulisha. Weka kando. Ingehesabiwa tungelingana, na uchaguzi ungerudiwa!

— Shukrani ya punda, alisema Fundi Redio.

— Punda gani anajua kuweka nukta?

— Mimi niliwaambia, alisema Asilimia. Kura ya maoni niliyopiga mwenyewe hapa kwenye geti la duka ilionyesha asilimia arobaini na nane wanamtaka, arobaini na nane hawamtaki, nne hawajui. Huyo ni katika wale wasiojua.

— Asiyejua ndiye anaandika asante?

— Ndiyo! Wewe ukipewa zawadi usiyoijua ni kitu gani, unasemaje?

Fundi Redio alitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia wenzake.

— Hapo kuna mkono wa mtu. Wale walioshinda wana mtaalamu, kasoma mbali huko. Kawaambia: kura msiibe, kuiba ni kazi na mtakamatwa. Nyie shukuruni tu. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa, kura huitia maji.

— Kama ni mpango, mbona moja tu?

— Kwa sababu moja inatosha! Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa hiyo kisheria kura zote za kata hii ni mbovu, hata za aliyeshinda. Arudi nyumbani naye.

Asilimia alitaka kujua samaki mmoja ni asilimia ngapi. Wakagombana hapo kikombe kizima.

Mimi sikuwa na mtaalamu. Nilikuwa na watoto watatu na mtaro. Kila mvua iliponyesha niliwavusha kwenda shule mmoja mmoja mgongoni, maji magotini, kisha nikarudi kuchukua mabegi. Yule mama alipopata udiwani alizunguka ofisi za watu mpaka wakachoka kumwona, tukajengewa kalavati. Maji sasa yanapita chini, watoto wanapita juu wenyewe huku wakigombana, na mgongo wangu umepona. Siku ya kura nilisimama kwenye kile kibanda peke yangu, kalamu mkononi, na hapakuwa na mtu wa kuniita mama. Hilo halinitokei mara nyingi. Nikaandika.

Wakala alichomoa daftari mfukoni.

— Mwandiko naukumbuka. Ile S ilikuwa na shingo ya bata. Leo kila anayekunywa kahawa hapa ataandika asante. Tutamjua tu.

— Na tukimjua?

— Ahame mtaa!

Fundi Redio aliandika kwa herufi kubwa tupu. Asilimia aliandika "asanti," akasema kosa ni la kalamu. Kisha kalamu ikanyooshwa kwangu.

— Na wewe, mama. Kwa utaratibu tu.

— Nina mikono ya mkaa.

— Futa.

Nilikuwa bado nafuta alipotokea diwani mwenyewe, yaani aliyekuwa diwani hadi juzi, kitambaa cha mteja begani. Wote wakasimama.

— Pole sana, mama.

— Nimeshapoa. Niko kwenye cherehani tangu alfajiri. Mnaandikiana nini?

Wakala akamweleza yote, kuanzia tiki hadi shingo ya bata. Alipomaliza, nilichukua daftari nikaandika. Wakala akaangalia karatasi, akaniangalia.

— Mama! Wewe?

— Mimi. Asante ya kalavati. Nilidhani pale pembeni pameachwa kwa ajili ya maneno.

Hakuna aliyesema nihame. Yule mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonibana.

— Mlango wangu ule pale, wa bluu. Miaka minne unaupita na watoto wako. Kwa nini hukuingia ukaniambia kwa mdomo?

Nilitaka kusema nilikuwa na haraka, lakini haraka gani ya miaka minne? Nikaangalia benchi kuomba msaada. Wakala, anayevuka kalavati kila siku na baiskeli, alifunga daftari taratibu. Fundi Redio alichunguza viatu vyake. Asilimia alifungua mdomo, akakosa namba.

Nikasuuza kikombe, nikamimina, nikampa kwa mikono miwili.

— Asante, nikasema, mimi niliyetoa.

Alipokea, akanywa funda moja.

— Karibu, akasema.