Verlin Aomba Kusamehewa Darasa

Benchi liko nje ya gereji ya matairi, katika mji mdogo wa Oklahoma. Asubuhi ile kahawa ilikuwa chungu, na Verlin alikuwa mchungu kuishinda. Alikuwa anaachana na mkewe, na jaji kamwambia: bila darasa la malezi, lile la wazazi wanaoachana, hakuna kupangiwa siku za kukaa na binti yako. Mwenzetu badala ya kwenda darasani akaandika ombi la kusamehewa. Washauri wake pale benchini walikuwa wawili: Doyle, aitwaye Wakili kwa kuwa ameachana na wake mara tatu, na Orrin, aitwaye Profesa kwa sababu asiyoijua mtu.

— Umetoa sababu gani? Wakili aliuliza.

— Kwamba mimi ni baba mzuri.

— Umekwisha! Hiyo hata mimi niliandika. Mara zote tatu.

— Mwambie jaji umelea mbwa, Profesa akadakia. Wangapi walikaa bila kutoroka?

— Mmoja.

— Basi mtaje huyo huyo. Au sema una aleji, hewa ya darasani inakubana kifua.

— Darasa lenyewe ni la kwenye simu, Profesa.

— Basi aleji ya simu!

— Acheni utoto, Wakili akasema. Jaji aonyeshe kwanza cheti chake yeye cha malezi!

Verlin alicheka hadi kahawa ikampalia. Alijua wenzake ni bure kabisa, na kwamba yeye ndiye bure wa tatu. Lakini moyoni aliogopa sana kumkosa Raelynn, binti yake wa miaka kumi na mmoja.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri tairi lake lizibwe, akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Mama wa mtoto si lazima apate nakala ya ombi?

— Kashapata! Verlin alijibu kwa majivuno. Nilimwekea Raelynn kwenye begi la shule, ampelekee mama yake.

— Ndani ya bahasha?

— Bahasha ya nini? Karatasi moja tu.

— Na kusoma anajua?

— Anaongoza darasa zima!

— Basi aliposoma kwamba baba yake hataki kufundishwa kumlea, alisemaje?

Verlin alizikumbuka simu alizompigia Raelynn tangu Jumapili bila kupokelewa, akidhani mtoto kaishiwa chaji. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

— Wakili, akasema taratibu, hilo darasa mtu anajiandikishaje?

— Sijui, ndugu yangu. Sikuwahi kwenda. Na watoto wangu nao hawapokei simu zangu.