Chumvi ya Beni na Kaye ya Kambere

Benchi yangu ni mubao wa lori, kamio iliyokufa, umelazwa juu ya matofali mbele ya depo ya Patron Sikuli, hapa Butembo. Mimi nauza kahawa. Wao wanaleta maneno. Kitsa tunamwita Kilometa: alikuwa shofere mpaka macho yakamushinda, sasa anaendesha mudomo. Henri tunamwita Kashe, muhuri: alifanya kazi ya bureau miezi ine mbele ya vita, na mpaka leo bic yake ya kuandika iko nyuma ya sikio, utasema wataita jina lake saa yoyote. Asubui ile, mwaka wa tatu wa vita hii ya pili, Kambere shofere alikaa katikati yao bila fungulo. Alikuwa amepeleka chumvi Beni, safari ya siku moja, akarudi akiwa amemaliza tatu. Akasema alikuwa anangojea kushusha mizigo. Jana yake Patron akamunyanganya fungulo ya kamio, akamwambia: kesho lete kaye yako, daftari ya kungojea, nitaisoma, nitajua kama unaendesha tena ao hapana.

— Donc, Kashe akauliza, kaye iko na saa zote? Ya kufika, ya kuanza kushusha, ya kumaliza?

— Saa gani? Kambere akasema. Saa yangu ya mukono askari balikamata kwa barrière ya kwanza. Niliandika vile nilikuwa naona.

— Mais kungojea bila saa hakuko kungojea. Ni kukaa.

— Kashe, hujui kitu, Kilometa akasema. Kungojea kunaanza moteur ikipoa. Unaweka mukono juu ya capot. Ikikuunguza, ungali ku safari.

— Na mvua ikinyesha, moteur ipoe mbio?

— Basi mvua imekuongezea saa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na kama shofere analala? Mutu ya kulala hangojei, anaota. Tutoe saa za kulala.

— Na za kula! Mwenye kula, kazi yake ni kula.

— Na za maombi. Pale mutu iko mbele ya Mungu, haiko mbele ya depo.

— Muzuri sana, nikawaambia. Mukitoa kulala, kula na maombi, Kambere alingojea dakika kumi. Patron abaki kwake, nyinyi mumeisha kumufukuza.

Kambere hakucheka. Ako na watoto watano na hajui kulima. Mukono wa kushoto ulikuwa unazungusha kikombe vile anazungusha usukani.

— Koko, muzee wetu, usikasirike, Kilometa akaniambia. Shahidi iko. Chumvi inakunywa umande, si ndiyo? Unapima gunia. Kilo moja juu, usiku moja umengojea.

— Kwa ukungu huu wa Butembo, Kashe akasema, gari ikilala hapa usiku moja itakuwa imengojea mwaka.

— Basi wamulipe mwaka! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Nilikuwa natafuta mugeni ni nani katika maneno ile, Patron Sikuli akatoka mu depo. Fungulo ilikuwa kwa mukaba wake. Akanyoosha mukono, Kambere akamupatia kaye. Patron hakuleta miwani. Akamupatia Kashe, na Kashe akasimama wima kusoma, utasema ni barua ya gavana.

— «Siku ya pili ya juma. Nimefika, wamama wanapanga ndizi. Zamu, mulinzi wa mulango, ameniandika kwa karatasi yake. Askari wamekuja, wamekamata watu wote wa kushusha mizigo, waende kubeba masanduku yao. Zamu amefunga depo. Mama moja amepita na mbuzi nyeusi ya sikio moja. Mbuzi imekula karatasi ya zamu.»

Benchi yote ikacheka. Kilometa akamwaga kahawa yangu.

— Soma, patron akasema. Yeye hakucheka.

— «Kengele ya Wakatolika. Nimelala juu ya chumvi. Siku ya tatu. Mvua. Maziko ya Waprotestanti yamepita, waliimba vizuri. Hakuna mutu wa kushusha. Siku ya ine. Watu wawili wa mizigo wamerudi, moja anachechemea. Tumeshusha sisi watatu.»

— Kambere, patron akasema, nilipiga phonie ya redio Beni mara mbili, siku ya pili jioni na siku ya tatu. Zamu alisema gari haijafika. Jina lako haliko kwa karatasi yake. Wewe ulikuwa Oicha, ulibeba kakao ya watu na gari yangu. Halafu unaniletea mbuzi!

— Patron, nimeandika kile niliona.

— Haikuwa nyeusi.

Tukageuka. Kwa mwisho wa benchi kulikuwa mama moja mugeni, ameshuka na kamio ya asubui, mifuko miwili kwa miguu. Alikuwa anapuliza kahawa yake.

— Ni ya kahawia, akasema. Sikio ndiyo, ni moja. Mimi ni Julie, wa Beu, pale Beni. Mbuzi ni yangu. Zamu alinifukuza na fimbo mpaka ku soko. Akasema nikifungua kinywa kwa ajili ya karatasi ile, ataichinja. Juzi nimeiuza. Sasa nafungua kinywa.

— Na huyu shofere? patron akauliza.

— Alikuwa juu ya gari, anacheka peke yake. Kesho yake nikapita tena, angali palepale mu mvua, hacheki tena.

Patron akatoa fungulo kwa mukaba, akaiweka juu ya mubao, karibu na goti ya Kambere.

— Chumvi ingine inatoka saa sita, akasema.

Kambere akatoa pumzi ndefu mpaka moto wangu ukayumba. Akaifunga fungulo ndani ya mukono. Kilometa akamupiga mugongo.

— Nilisema tangu mwanzo! Mwenda pole hajikwai!

— Alikuwa amesimama, nikasema.

— Ndiyo hivi hakujikwaa!

Hata patron akacheka kidogo. Ni Julie tu aliyekuwa angali anamuangalia patron bila kucheka.

— Patron, kwa phonie balikuambia gari haijafika. Mara mbili. Na barabara ile tunaijua sisi wote, batu wanabaki mule, hawarudi. Ukauliza nini?

— Niliuliza chumvi iko wapi.

— Na mutu?

Patron akagusa mukaba wake pale fungulo ilikuwa. Kashe akatoa bic nyuma ya sikio, akairudisha. Kilometa, mwenye methali za dunia yote, akafuta kahawa aliyomwaga. Na mimi nikaangalia ndani ya birika, kwa sababu siku ile ya tatu kikombe cha Kambere nilimupa mutu mwingine, nikasema huyu amechelewa, basi.

Kahawa ilikuwa imebaki ya kikombe kimoja. Patron alikuwa amenyoosha mukono. Nikamumiminia Kambere mpaka tone ya mwisho.

— Imekwisha, patron. Ungojee niweke maji.

Akakaa. Kuni zilikuwa mbichi. Kambere akamuangalia patron anangojea, akafungua kaye yake, akamuomba Kashe bic.