Kikombe cha Uji Siku ya Upasuaji

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ruangwa! Itikieni kwa nguvu, maana nimetoka Mkotokuyana kuja kusema neno hili. Wengi mnanijua, ndimi Mama Neema niliyewaongozea maombi ya kufunga kwenye semina ya akina mama. Nikitangaza siku tatu kavu, hakuna anayegusa hata maji. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye uongo wangu mwenyewe, akaniachia mume.

Baba Neema alianza kwa kukwamwa na ugali. Nikamtania kwamba amezeeka, anataka kupikiwa kama mtoto. Ndugu zangu, haukuwa uzee! Tulipompeleka hospitali Dar, walimpima wakakuta saratani ya koo la chakula. Kabla ya mionzi ilibidi apasuliwe tumboni awekewe mrija wa kupitishia chakula, kwa sababu koo lingezidi kuuma na yeye alikuwa amekonda mno. Kilichopita kilikuwa uji mwepesi tu. Kila kijiko alichomeza nilishukuru kimoyomoyo.

Muuguzi akatuonya kwamba siku ya upasuaji asile wala asinywe chochote. Nikaitikia. Nani wa kunifundisha kufunga mimi? Lakini asubuhi nilimwona ameketi kitandani, midomo imekauka, mabega ni mifupa mitupu. Moyo ukanishinda. Kwetu mtu hatolewi kwenda kwenye jambo zito tumbo likiwa tupu. Nikamimina uji kwenye kikombe. Akatikisa kichwa, nikambembeleza, akanywa wote ili niridhike.

Muuguzi akaja na karatasi zake. "Mama, mzee amekula chochote?"

"Hajagusa kitu," nikasema.

Ndugu zangu, nilisema hivyo Biblia ikiwa mapajani! Niliogopa kuonekana mshamba, tena niliogopa atarudishwa nyuma kwenye foleni ya upasuaji. Baba Neema akanitazama, akajifuta uji mdomoni kwa kiganja. Alikuwa ananisitiri. Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, wakaenda naye.

Nikakaa nje kuomba, maombi hayakuja. Karibu nami muuguzi alikuwa akimweleza mama mwingine kwa nini mgonjwa hatakiwi kula. Akasema ukimpa mtu dawa ya usingizi ana chakula tumboni, anaweza kutapika, yale matapishi yakaingia kwenye mapafu, akafa. Nikaukimbilia mlango wa chumba cha upasuaji, nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

"Amekula! Nimempa uji mimi! Nilidanganya!"

Watu wote wakageuka kunitazama. Daktari akatoka, barakoa imening'inia shingoni. Nilidhani atanifukuza. Akasema taratibu, "Mama, hatujampa dawa bado. Umefanya vizuri kusema. Tutamfanyia kesho." Nikakaa sakafuni nikalia mpaka kitenge kikalowa. Haleluya!

Baba Neema aliporudishwa wodini alinicheka kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Mama Neema, kesho na wewe ufunge."

Nilifunga kweli! Sikuonja hata maji mpaka nilipomwona ametolewa, mrija upo mahali pake, anafumbua macho na kuniulizia. Sijawahi kufunga kwa raha vile maisha yangu yote.

Mrija huo ndio uliomlisha wiki zote za mionzi. Sasa amemaliza, uvimbe umepungua sana, na wiki iliyopita amemeza ugali laini kwa mlenda. Kliniki bado tunarudi. Nawashukuru wauguzi, nawashukuru ninyi mlioomba, na majirani zetu Waislamu waliotuvunia ufuta wakati shamba halina mwenyewe. Mungu awajaze.

Ndugu yangu, kama kuna jambo umelificha kwa kuogopa aibu, litoe leo. Aibu yangu ilikwisha siku ileile, na mume wangu ninaye, yule pale benchi la pili, anajifanya hanisikii. Mtumaini Mungu, umwambie kweli. Atakupokea kama alivyonipokea mimi pale mlangoni.