Mutsinzi Silvère, Aliyewakanda Vijana wa Basketi

Majirani wa Kimironko, ndugu, na nyinyi vijana wa timu, tunawasomea maisha ya mtu wetu Mutsinzi Silvère, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1981 kule Ngara, Tanzania, mtoto wa pili wa Mzee Sangwa na Mama Béatha, hiyo tarehe tumeisoma sisi wenyewe kwenye cheti chake cha ubatizo.

Alianza shule Ngara, akaja Rwanda na wazazi mwaka 1996, akamaliza sekondari hapa Kigali 2002, akaanza kazi ya kuwakanda wachezaji mwaka 2006, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na Leah, wakapata watoto wawili, Kaliza na Gerald.

Mwaka 2023 mchezaji wake Niyongabo alikosa mitupo miwili ya mwisho kwenye fainali, watu wakamtukana kwenye simu mpaka akaacha mazoezi, wakubwa wakasema anadeka, Silvère akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani kwa kijana, mtaa wa Sonatubes, akamwambia alete mguu aukande, kijana akasema mguu hauna shida, Silvère akajibu basi leo kazi ni rahisi, akawa anaukanda kila Jumanne bila kuuliza kitu, hadi siku kijana alipolia. Toka hapo akamweka mshauri, dada Careen, kwenye kiti karibu na kitanda cha kukandia, na mchezaji aliyelemewa moyoni alikuja akisema misuli imekaza, akaongea bila kuchekwa.

Oktoba 2025 Silvère mwenyewe akasema mgongo unamuuma, vijana wakadhani naye amelemewa moyoni, wakamkalisha kwa Careen, Niyongabo akawa anamletea chai, wiki zikapita, Leah akaona nguo zinampwaya, akampeleka hospitali, ikaonekana ni kansa ya figo, akafariki Jumamosi tarehe 7 Februari 2026.

Leah bado hajalia, anapanga viti tu, lakini amemkuta Niyongabo nyuma ya hema anasema ni yeye aliyemchelewesha kufika hospitali, hali chakula, ndiyo maana ameagiza isomwe mbele ya wote kwamba daktari alisema ugonjwa ulishafika kwenye mapafu kabla mgongo haujauma, na kwamba zile wiki za kuongea Silvère alikuwa anarudi nyumbani analala usingizi mzuri, kitu ambacho Leah hakuwahi kukiona toka waoane.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliopika, timu nzima, na dada Careen. Niyongabo, Leah anakuomba ushike jeneza upande wa kichwa.

Silvère, lala sasa, pumzika kwa amani.