Nati Iliyoizuia Pilau

Kijiwe cha Mishomoroni ni mabao mawili ya kukalia yaliyoegemea ukuta wa duka la simiti, na katikati yake dele la kahawa na mzee wake asiyesema. Jumapili hiyo walikuwapo wale wale watatu: Khatibu aitwaye Bandari, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na mpaka leo hajamaliza kuisimulia, Yasir aitwaye Wakili, ambaye hakuingia kortini ila kwa kushtakiwa, na Dishon aitwaye Injinia, mtu wa bara, wa kiwandani Changamwe, ambaye angalau spana amewahi kuishika. Mbele yao gari la kijana Rashad lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la nyuma limekwisha upepo. Ndani ya gari, nyuma, masufuria mawili ya pilau, na kiti cha mbele Bi Mwanarehema, nyanyake Rashad, mlango wazi, mvuke wa pilau unampiga kisogoni. Ilikuwa arubaini ya dadake bibi, marehemu Barke, kule Jomvu Kuu. Hitma isomwe, adhuhuri isaliwe, kisha watu wale pilau. Na sasa ilikuwa saa tano na nusu.

Nati nne zilishatoka. Ya tano ilikuwa ya kufuli, ile ya kuzuia wezi, kichwa chake cha mviringo kimechongwa mauamaua, haishikwi na spana yoyote ila ufunguo wake wenyewe. Fundi wa pancha alikuja, akaitazama, akasema hiyo haigusi, akaenda zake.

— Ufunguo uko wapi? Bi Mwanarehema aliuliza kwa mara ya nne.

— Niliuficha, Nyanya. Waliponiibia magurudumu kule Mkomani nikasema, wakiupata na ufunguo nimekwisha. Nikauweka pahala mwizi hawezi kupafikiria.

— Na mwenyewe pia huwezi.

— Hizo nati nazijua mimi, Bandari akadakia. Zaja kwa makontena. Kila nati na ufunguo wake, kila ufunguo na nambari yake, na nambari imeandikwa kwenye karatasi. Karatasi iko wapi, Rashad?

— Niliificha pamoja na ufunguo.

Bi Mwanarehema alimtazama mjukuu wake kama anavyotazama samaki wa juzi.

— Mama, sikiza, alisema Injinia. Hii ni kazi ya dakika kumi. Unachukua spana ya soketi ndogo kidogo kuliko hicho kichwa, unaigonga na nyundo mpaka iume, halafu unazungusha. Soketi itaharibika, lakini nati lazima itoke.

— Basi gonga, mwanangu! Wangoja nini?

— Soketi iko kazini.

— Kazini wapi?

— Changamwe.

— Changamwe! Mtu akienda Changamwe si ashafika Jomvu? Ya nini tena kurudi hapa na soketi?

— Hata angekuwa nayo, akasema Wakili, asigonge. Bolti ikikatika, kosa ni la nani? La mgongaji au la mwenye gari? Kwanza iandikwe barua, Rashad atie saini, na mashahidi wawili. Mimi mmoja.

— Barua hiyo uiandike, kisha uile, alisema Bi Mwanarehema. Ndiyo chakula utakachopata leo.

Bandari alisimama, akaikunja mikono ya kanzu.

— Chuma chataka moto. Kikipata moto chafura, kikifura chalegea. Bandarini mlango wa kontena ukikwama, tulikuwa tukiumwagia maji ya moto. Maji ya moto yako wapi hapa?

Wote wakageuka. Mzee wa kahawa kabla hajanyanyua mkono, dele lilishainuliwa, na ile nati ikamiminiwa kahawa yote. Ikafuka moshi, ikanukia tangawizi. Injinia akaishika kwa koleo, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikusogea hata unywele.

— Mmeinywesha kahawa, alisema Bi Mwanarehema. Ipeni na kashata.

— Shida yetu, Wakili akasema kwa sauti ya chini, ni kuwa hapa sote tu waaminifu. Wale wezi wa Mkomani nati hizi huzitoa kwa dakika mbili, gizani, na hawana ufunguo. Mimi nasema gari lipelekwe Mkomani, liegeshwe pale pale, tujifanye tumelisahau.

— Litafikaje na gurudumu halina upepo? Bi Mwanarehema akauliza.

— Livutwe.

— Na wakija?

— Twawaacha watoe nati kwanza. Kisha ndipo tunawashika.

— Na pilau yangu imo ndani?

— Pilau ndiyo itakayowavuta, Bi Mwanarehema.

Hapo bibi akashuka garini. Alishuka na ukanda wa kufungia sufuria mkononi, na Wakili akahama bao.

— Nyie hamna haya! Mnajua Barke aliniambia nini? Miaka sita hatukusemezana, mimi na yeye. Siku ya mwisho kugombana nikamwambia, ukifa ni mimi nitakayekupikia. Akanicheka. Akasema, utachelewa. Wallahi nimeamka saa tisa za usiku ili maiti yule asipate la kusema, na sasa nimekalishwa hapa na kipande cha chuma na wanaume watatu!

Pikapu ikasimama kando, trei tupu za mayai nyuma, na dereva wake, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa, akateremka kutafuta kahawa. Alijitaja kuwa ni Ruth, anauzia maduka ya Kisauni mayai.

— Kahawa imekwisha, alisema Injinia. Imenywewa na hiyo nati.

Ruth aliitazama nati, akayatazama masufuria.

— Poleni. Hiyo pilau inaenda wapi?

— Jomvu Kuu, Rashad akasema, kwa arubaini.

— Na hao watu wa Jomvu, wanangoja pilau ama wanangoja hili gari?

Bandari akateremsha mikono ya kanzu. Wakili akakuna ndevu. Injinia akawa anaikagua koleo kana kwamba ni mpya. Bi Mwanarehema naye akatafuta neno la kumpa mwanamke yule, neno kali, na asilipate. Tangu saa tatu alikuwa amekaa kwenye kile kiti, na magari yakimpita mbele ya macho yake, tupu kwa dazeni.

— Mmesimama mnatazama nini? akafoka. Shikeni masufuria!

Ruth akafungua nyuma ya pikapu, trei zikasogezwa, masufuria yakahamishiwa humo, bibi akapanda mbele.

— Nyanya, nami nipande? aliuliza Rashad.

— Wewe kaa na nati yako.

Pikapu ikaondoka. Ruth alitaka kumpa pole ya marehemu, lakini bibi akainua kidole.

— Mwanangu, mpaka tulivuke daraja la Nyali, usinisemeshe. Kuna mpumbavu mmoja alikaa kitini tangu saa tatu, namtukana moyoni, na bado sijammaliza.