Historia ya Mzee Maduhu na Upande Wake wa Kushoto

Ndugu waombolezaji, ukoo umenituma mimi, mpwa wa marehemu, nisome historia yake, na ile waliyoandika kwanza, iliyosema sote tulimuuguza kwa upendo, nimeiacha nyumbani.

Mzee Maduhu alizaliwa Kishapu mwaka 1922, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1948 akaajiriwa katika kinu cha kuchambua pamba hapa Shinyanga, alikopanga madaraja ya pamba hadi alipostaafu mwaka 1979, jicho lake likiokota jani moja chafu katika gunia zima. Mwaka 1950 alimwoa Mbuke, binti wa Geita, wakajaliwa mtoto mmoja, Mageni, aliyeolewa Kahama.

Tarehe 6 Novemba 1983 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, na tangu hapo akawa anakula ugali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, kisha analalamika kwamba mkewe anampunja, na Mbuke akiwa ameketi kushoto kwake, amemshika mkono, yeye anatuuliza sisi, "Mbuke yuko wapi?" Tukaitisha kikao. Mdogo wake, Mjomba Marcel, akasema, "Macho mazima, anamwona kila mtu ila mke! Mama Mageni, umemfanya nini kaka yangu?" Hakuna aliyemtetea, na Januari tukampandisha basi arudi kwao.

Aprili, hospitalini, Daktari Donatus aliizungusha sahani tu, mzee akala ugali uliobaki. Akatueleza kwamba macho yalikuwa mazima kweli, ila ubongo ndio unaochagua lipi kati ya yafikayo machoni lizingatiwe, na kiharusi kiliharibu sehemu inayoshughulikia kushoto, hivyo upande ule kwake haukuwa giza, haukuwapo kabisa. Kilichotakiwa ni kuhamisha kigoda, sisi tukahamisha mke.

Mbuke tulimfuata, akaja, akaketi kulia.

"Ulikuwa wapi, wewe mwanamke?"

"Kisimani, Baba Mageni. Si unajua foleni ya pale!"

Mzee akacheka, akashiba siku hiyo, na tarehe 2 Juni 1984 akaaga dunia bila kujua tulichofanya.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wenzake wa kinuni. Mama Mageni, wewe, kabla ya shukrani, tunakuomba msamaha, tena kwa sauti, maana kukushtaki hatukunong'ona.

Pumzika, Mjomba, aibu hii tuachie sisi.